Jinsi ya kujenga rangi na kivuli kwa penseli za rangi bila kukwama

Msomaji ameuliza: "Nachora kwa penseli za rangi, sasa ni karibu mwaka. Picha zangu zinatoka hafifu, kama nguo iliyopauka. Nikikandamiza ili rangi ikolee, karatasi inakuwa telezi na rangi ya pili inakataa kushika. Kwenye vivuli natumia nyeusi, lakini badala ya kitu kuonekana cha mviringo kinaonekana kimeingia masizi. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, umeeleza vizuri kuliko unavyodhani. Hilo neno "telezi" ndilo lililonionyesha tatizo lilipo. Uhafifu, utelezi na masizi unaviona kama vitu vitatu, lakini mzizi wake ni mmoja: unaidai rangi yote itoke kwa mkupuo mmoja. Penseli ya rangi haitoi hivyo. Inatoa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na kivuli nacho hujengwa humo humo ndani ya matabaka. Ukikisubiri mwisho ndipo ukitie, umeshachelewa.

Chukua lenzi, au fungua kamera ya simu uvute karibu kabisa, utazame mahali ulipopaka kwa wepesi. Uso wa karatasi umejaa vilima na mabonde madogo mno. Penseli inayopita kwa mkono mwepesi hugusa vilele tu, mabonde hubaki meupe, ndiyo maana tabaka la kwanza huonekana la chembechembe kama mchanga ulionyunyizwa. Tabaka la pili likija kwa mwelekeo mwingine hushuka kidogo zaidi, la tatu hali kadhalika. Mabonde hayo ndiyo ghala lako. Ukikandamiza tangu mwanzo unalijaza ghala lote kwa rangi moja, na papo hapo unavilaza vilele. Kinachobaki juu ni ngozi ya nta iliyosuguliwa ikawa laini, na penseli inayofuata haina pa kujishikiza.

Nta inatoka wapi? Kiini cha penseli ya rangi hakina grafiti, ule weusi ulio ndani ya penseli ya kuandikia. Ni unga wa rangi uliochanganywa na kijazio, mara nyingi udongo mweupe wa kaolini au talki, kisha vyote vikashikanishwa kwa nta au kwa mafuta. Hakichomwi kwenye tanuri kama kiini cha penseli ya kuandikia, kwa sababu nta isingevumilia. Penseli zenye nta nyingi, kama Prismacolor zilizoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, ni laini, hukolea upesi, na hujaza mabonde upesi vilevile. Zile za mafuta, kama Polychromos za Faber-Castell ya Ujerumani ambazo historia yake inaanzia 1908, ni ngumu kidogo, hutunza ncha kwa muda mrefu na huvumilia matabaka mengi. Mimi huanza na za mafuta na kumalizia na za nta, lakini aina moja tu inatosha kabisa kujifunza.

Matabaka mepesi yana faida nyingine ambayo kwangu ndiyo uhondo wenyewe wa kazi hii. Rangi ya penseli hupitisha mwanga kiasi, kama kioo cha rangi. Mwanga hupenya, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni ukiwa umepita katika kila rangi uliyoipanga. Manjano chini ya nyekundu huifanya nyekundu iwe kama ina kaa la moto ndani. Samawati chini ya nyekundu ileile huipoza. Kwa hiyo mwenye penseli 24 anayejua kupanga matabaka humwacha mbali mwenye penseli 120 anayepaka kila eneo kwa rangi yake moja. Kama unajiwekea akiba ya kununua boksi kubwa, nakusihi pesa hiyo itangulie kwenye karatasi. Karatasi ya kuchapishia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hushika matabaka mawili au matatu kisha imekwisha. Tafuta ya gramu 200 hadi 300, ikiwezekana ya pamba, yenye uso ulio laini lakini unaokwaruza kidogo ukiupitishia kidole.

Sasa mkono. Shika penseli nyuma zaidi ya unavyoishika ukiandika, na uache uzito wa penseli yenyewe ndio ufanye kazi. Ukitaka kujipima, gawanya mkandamizo katika ngazi tano: ya kwanza ni ile ambayo karatasi inaonyesha rangi kama pumzi kwenye kioo, ya tano ni nguvu zako zote. Theluthi mbili za kazi ziishie kwenye ngazi ya kwanza na ya pili. Ya tatu ni ya kukoleza, ya nne na ya tano ni za dakika za mwisho tu. Najua inachosha. Tabaka mbili za kwanza zitakuvunja moyo kwa sababu hazionyeshi kitu, na hapo ndipo wengi huongeza nguvu. Vumilia mpaka la nne, picha itaanza kusimama.

Chonga penseli mara kwa mara kuliko unavyoona ni lazima. Ncha kali hushuka kwenye mabonde. Ncha butu hupita juu ya vilele kama tairi pana juu ya kokoto, ndiyo maana unalazimika kukandamiza. Mimi huchonga kila baada ya dakika chache na kuizungusha penseli mkononi kati ya mstari na mstari. Namna ya kupitisha mkono nayo ina maana. Acha kwenda na kurudi kama unayepiga msasa, kwa sababu kila unapogeuza mkono rangi huingia mara mbili na kuacha ukingo mweusi ambao hutaufuta. Tumia viduara vidogo vinavyopandana, au mistari mifupi ya upande mmoja halafu tabaka linalofuata likate ya kwanza kwa mshazari.

Kuna sababu nyingine ya uhafifu, na hii iko kwenye jicho. Weupe wa karatasi unaouzunguka mchoro huifanya rangi yoyote ionekane imekolea kuliko ilivyo, basi unaacha mapema ukidhani imetosha. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika Gobelins, karakana ya mjini Paris inayofuma vitambaa vya ukutani vyenye picha, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kwenye vivuli vya mavazi ya bluu na urujuani hazikuwa na nguvu. Alizichunguza akakuta weusi wake hauna kasoro. Jirani zake, bluu na urujuani, ndizo zilizoufanya uonekane dhaifu. Mwaka 1839 akachapisha maelezo ya jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Wewe chukua funzo moja la kazi: weka kivuli cha mezani na sehemu ya nyuma ya picha mapema, hata kama ni kwa wepesi. Weupe ukishaondoka pembeni, jicho litakuambia ukweli kuhusu rangi iliyo katikati.

Tuchore nyanya moja pamoja, kwa kuwa ni ya mviringo, inang'aa, na nyekundu ndiyo rangi inayowasumbua watu kuliko zote. Iweke juu ya kitambaa cheupe, taa moja itoke kushoto kwa juu. Taa moja tu. Ukiwasha mbili utapata vivuli viwili vinavyogombana.

Mstari wa nje usiuchore kwa penseli ya kuandikia. Grafiti ikishafunikwa na nta haifutiki tena, na huichafua rangi iliyo juu yake. Tumia waridi hafifu au rangi ya machungwa, kwa wepesi. Kisha tafuta pale taa inapong'aa kwenye ngozi ya nyanya, pazungushie nukta za manjano, na uape kutopagusa. Weupe huo ni wa karatasi. Penseli nyeupe haiwezi kuurudisha, kwa sababu juu ya rangi iliyokolea hutoa ukungu tu.

Sasa finya macho mpaka maelezo madogo yapotee ubaki na mwanga na giza. Utaona jambo ambalo wanaoanza hulikosa karibu wote: sehemu yenye giza zaidi haiko ukingoni mwa nyanya. Iko ndani kidogo, kama mkanda uliopinda, halafu ukingo wenyewe una nuru hafifu. Nuru hiyo ni mwanga uliogonga kitambaa ukarudi juu. Ukiifunika kwa giza mpaka ukingoni, nyanya inakuwa sahani. Ukiiacha, inakuwa duara unayoweza kuizungushia vidole.

Tabaka la kwanza liwe kijani kilichokolea, kwenye mkanda huo wa giza peke yake, mkandamizo wa ngazi ya kwanza. Ndiyo, kijani kwenye nyanya nyekundu. Kijani na nyekundu hukabiliana kwenye duara la rangi, lile linalozipanga rangi kwa mzunguko, na kila moja humeza mwanga ambao mwenzake huurudisha. Zikipandana zinatia giza huku wekundu ukibaki hai. Lipunguze tabaka hilo polepole kuelekea upande wa mwanga mpaka lipotee bila mpaka unaoonekana. Hapa usiwe na pupa. Kama kuna mahali pa kutumia nusu saa nzima ni hapa, kwenye ule mpito kati ya mwanga na giza, kwa kuwa ndipo mviringo unapozaliwa.

La pili ni manjano, nyanya nzima isipokuwa mng'ao, hata juu ya kijani. La tatu rangi ya machungwa, nayo ianze kuacha wazi pale karibu na mng'ao ili manjano yaonekane. La nne nyekundu ya kawaida, la tano nyekundu tena lakini kwa mistari iliyokata ile ya kwanza. Kufikia hapa kijani kimezama, na upande wa kivuli umepata wekundu mzito ambao hakuna penseli moja kwenye boksi inayoutoa. Kisha damu ya mzee kwenye mkanda wa giza, ivuke mpaka wake kidogo. Kisha nili, kidogo sana, pale giza lilipo zito zaidi, chini kuelekea kitambaa. Rudi na nyekundu juu ya yote ili kuyaunganisha. Kwenye ukingo wenye mwanga uliorudi pitisha waridi hafifu au kijivu chenye ubaridi, kwa kuwa kitambaa ni cheupe. Kingekuwa cha samawati, ungeweka samawati.

Tazama mng'ao wenyewe kwa karibu, utaona hauna mpaka mkali pande zote. Upande mmoja umekatika, mwingine unayeyuka. Leta manjano na waridi mpaka pembeni mwa upande unaoyeyuka, ngazi ya kwanza kabisa. Kitu kidogo hiki ndicho kinachotofautisha ngozi inayong'aa na karatasi iliyosahauliwa kupakwa.

Kivuli kinachoanguka mezani kina tabia yake. Pale nyanya inapogusa kitambaa ndipo penye giza totoro, uzi mwembamba tu, na ukingo wake ni mkali. Kadiri kivuli kinavyokwenda mbali na nyanya, kinapungua giza na ukingo unalegea. Ukikipaka sawasawa kote, kitaonekana kama doa la wino. Tumia nili na kahawia iliyokolea zikipishana, halafu karibu na nyanya tia wekundu kidogo, kwa kuwa nyanya nayo huurudishia mwanga mwekundu kitambaa kilicho jirani yake. Wekundu huo ndio unaokiunganisha kivuli na mwenyewe.

Nyeusi je? Sitaki kukuambia uitupe, wapo wachoraji hodari wanaoitumia vizuri. Shida yake ni kwamba humeza mwanga wote kwa usawa, bila kuchagua, hivyo kila rangi inayoguswa nayo hupoteza uhai wake kabla haijapata giza la kutosha. Ukiiweka juu ya manjano, manjano hugeuka kijani kichafu. Hayo ndiyo masizi yako. Ukihitaji giza kama la usiku, panda nili, damu ya mzee, kahawia iliyokolea na kijani kilichokolea, mbili mbili kwa kupishana. Weusi utakaoupata unaweza kuuvuta uwe wa joto au wa baridi kwa kuamua ipi iwe ya mwisho. Nyeusi ya boksi, ukiitaka, ije mwisho kabisa juu ya giza hilo, kwenye nyufa na mashimo, na iwe kidogo.

Hili nililijifunza kwa maumivu. Niliwahi kuchora uso wa mzee mwenye ngozi nyeusi tii, zawadi kwa familia yake, nikatumia kahawia kwa mwanga na nyeusi kwa kivuli. Kila kitu kilikuwa mahali pake, macho, pua, mikunjo, na bado uso ulikuwa umekufa kama jiwe. Nilirudi kumtazama mwenyewe ameketi kibarazani, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kwenye paji lake la uso palikuwa na samawati iliyotoka angani, chini ya taya palikuwa na nili na urujuani, na pembeni mwa masikio, mwanga ulipopenya, palikuwa pekundu. Nikaanza upya na karatasi nyingine: urujuani na nili kwenye vivuli kwanza, damu ya mzee na rangi ya machungwa katikati, kahawia mbili tofauti juu ya hizo, samawati hafifu kwenye paji. Tangu siku hiyo sijawahi kutia kivuli cha ngozi kwa nyeusi.

Vitu vya manjano vina ugumu wa peke yake. Manjano hayana giza ndani yake, hata ukikandamiza kwa nguvu zote yanabaki ya mwanga. Kivuli chake lazima kitoke kwa rangi nyingine: hudhurungi, urujuani hafifu, kahawia. Anza na hizo, manjano yafuate. Na ukitaka kujua kama picha yoyote ina giza la kutosha, ipige kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe, pamoja na picha ya kitu chenyewe. Ukikuta mchoro wako wote ni kijivu cha namna moja, rangi zako zinaweza kuwa sahihi kabisa, ila mwanga na giza havipo.

Ukishajenga yote hayo, ndipo unaweza kusiriba: kupitisha penseli isiyo na rangi, au rangi hafifu inayolingana na kitu, kwa nguvu, mpaka weupe wa mabonde uishe na uso uwe laini kama ukuta uliopigwa lipu. Penseli nyeupe nayo husiriba, lakini hupausha. Ukishasiriba umefunga mlango, karibu hakuna kitakachoshika juu yake, kwa hiyo usisiribe sehemu ambayo bado una shaka nayo. Njia nyingine ni kiyeyushi kisicho na harufu kali, kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwenye karatasi nzito. Huyeyusha nta, rangi ikashuka kwenye mabonde, na ikishakauka kabisa unaweza kuendelea na matabaka. Fungua madirisha, na usisogeze moto karibu. Binafsi hukitumia kwenye sehemu pana za nyuma, kwa ngozi na matunda napendelea mkono peke yake.

Siku chache baada ya kumaliza, kwenye sehemu za giza unaweza kuona utando mweupe kama ukungu, hasa kwa penseli za nta. Ni nta iliyopanda juu. Ifute taratibu kwa kitambaa laini, kisha nyunyizia dawa ya kuhifadhi michoro kwa matabaka mepesi kadhaa. Na kama picha itaning'inizwa ukutani, chunguza alama za uimara wa rangi kwenye penseli zako, maana waridi na urujuani nyingi hufifia zikipigwa na mwanga. Paka vipande vya rangi zako zote kwenye karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani miezi mitatu. Utakachokiona ukifunua kitakuambia penseli zipi za kuziacha kwa mazoezi.

Ile picha iliyokwama usiitupe. Chukua utepe wa karatasi wa wapaka rangi, uulaze juu ya sehemu telezi bila kuubana, pitisha ukucha juu yake kwa wepesi, kisha uubandue taratibu. Utepe utaondoka na rangi. Rudia kwa kipande kipya, mara tatu au nne, hadi uone chembechembe za karatasi zimeanza kujitokeza. Kama nyeusi ndiyo iliyoharibu, hapo anza nayo. Vilele vilivyolala havitasimama vyote tena, lakini patapatikana nafasi ya matabaka mawili au matatu. Chonga penseli ya nili mpaka iwe kali kama sindano, urudi kwenye upande wa kivuli.